Diski Mbili za Mama Kadidja

Wakati wa likizo kubwa, asubuhi ya Malika ilikuwa haibadiliki. Aliamka, akasali, akanywa chai kwa mikate ya moto kutoka kwa jirani, kisha akafungua milango ya karakana ya mama yake, pale Kabondo, mjini Kisangani. Alifagia vipande vya nyuzi vilivyolala sakafuni, akatia mafuta kidogo kwenye mashine ya kudarizi, halafu akaketi mbele ya kompyuta kwa maringo kama waziri aliyeapishwa jana. Hakuna mahali alipopapenda kuliko kile kiti.

Mama yake, Mama Kadidja, alikuwa fundi wa kudarizi. Kanzu za maarusi, kofia za wazee, blauzi za akina mama wa parokia, vyote vilipita chini ya sindano yake. Lakini mashine yenyewe haikuwa na akili. Michoro ilifunguliwa kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kudarizi, na kompyuta ndiyo iliyoiambia sindano ishuke wapi na iende wapi. Katika nyumba ile, mtu wa kompyuta alikuwa Malika peke yake. Wateja walizoea kuambiwa, "Ngoja kwanza mutoto wangu akufungulie mchoro." Malika alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sentensi hiyo ilimshibisha kuliko chai.

Mama Kadidja alikuwa na desturi moja iliyowachekesha majirani. Hakuna kitu kilichokaa uchi katika karakana yake. Simu, redio, mkasi, hata waya wa kuchajia, kila kimoja kilikuwa na mfuko wake wa kitambaa uliodariziwa picha yake. Ukitaka mkasi, ulitafuta mfuko wa ndege. Ukitaka redio, ulitafuta mfuko wa mwezi. Watu wa karakana ile hawakutazama kitu chenyewe, walitazama mfuko, wakaamini.

Kulikuwa pia na diski mbili za nje, nyeusi, ndogo, zinazofanana kama mapacha. Moussa, kaka yake Malika, alizinunua siku moja kabla hajaenda kusoma Kinshasa. Diski yenye mfuko wa samaki ilijaa filamu za zamani za Moussa, ambazo hakuna aliyezitazama tena. Diski yenye mfuko wa ua ilihifadhi michoro yote ya karakana. Humo ndimo ilimokaa michoro ya Babu Sefu, baba yake Mama Kadidja, aliyekuwa fundi wa kofia. Marehemu aliichora kwa penseli juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Karatasi ziliposhambuliwa na mchwa, zilizosalia zilipigwa picha moja moja na kutiwa kwenye kompyuta. Karatasi zenyewe hazipo tena.

Basi mwanzoni mwa likizo hiyo akaja Jemima.

Baba yake Jemima alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Bukavu. Jemima aliingia darasani mwa Malika katikati ya mwaka, na shule ilipofungwa akaomba kujifunza kudarizi. Kila asubuhi alifika amekaa nyuma ya toleka, yaani teksi ya baiskeli, akimshukuru mwendeshaji kama mtu aliyepandishwa ndege. Siku za kwanza Malika alifurahi. Alikuwa amepata mtu wa kumtuma nyuzi. Lakini haukupita muda mrefu akagundua kwamba mwenzake alikuwa na tabia mbaya sana: alijua mambo. Alishika upesi. Alitunga uzi kwenye sindano bila kuulamba. Na Mama Kadidja akaanza kusema, "Muangalie Jemima," mara moja asubuhi, na mara nyingi zaidi kufikia jioni.

Mvua moja kubwa ikaleta msiba. Maji yalipenya kwenye bati usiku na kuidondokea kompyuta ya zamani hadi ikafa kabisa. Shukrani kwa Mungu, diski zilikuwa kabatini. Mjomba wa Malika aliyekuwa Kindu akawatumia kompyuta nyingine, ya kubeba, nyembamba na mpya. Malika aliitoa kwenye boksi kwa furaha. Akaiwasha, akaingiza programu ya kudarizi, akabonyeza. Dirisha dogo lenye maneno ya Kifaransa likatokea. Akalifunga. Akabonyeza tena, likatokea tena, akalifunga tena.

"Usifunge kwanza," akasema Jemima aliyesimama nyuma yake. "Tusome vile inasema."

"Inasema haitaki," akajibu Malika kwa hasira. "Hata kipofu anaona haitaki."

"Ndiyo, lakini inasema juu ya nini haitaki." Jemima akainama, akasoma hadi nukta ya mwisho. "Inasema programu hii haipatane na version ya système, mfumo ya kompyuta. Système iko mupya sana."

Mama Kadidja aliacha kukata kitambaa. "Ah, Jemima! Donc hii machine ya kompyuta haikufa?"

"Haikufa, Mama. Njo vile imeandikwa," akajibu Jemima, yaani ndivyo ilivyoandikwa.

Malika alihisi masikio yakiwaka moto. Angekuwa amesoma yale maneno yeye, angeyaelewa pia. Shida ni kwamba hakuyasoma.

Wakamwita Tonton Lambert, jirani aliyetengeneza kompyuta na simu mtaa wa pili. Tonton Lambert alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabebea. Aliitazama kompyuta, akajikuna kidevu, akacheka.

"Bon. Programu iko muzee, ordinateur, hii kompyuta, iko mupya. Muzee anasema Kingwana, Kiswahili ya hapa kwetu, huyu mupya anasikia tu Lingala ya Kinshasa. Hata muwafungie chumba moja, hawatasikilizana."

"Alors, tutafanya nini?" akauliza Mama Kadidja kwa wasiwasi. "Mama Agathe anangojea mablauzi za parokia, na sikukuu ni Jumapili. Na anataka mchoro ya majani ya papa wangu Sefu, si mchoro mwingine."

"Usiogope. Tutatafuta système ya zamani, ile muzee alizoea. Lakini hatutaiweka ndani ya ordinateur. Tutaiweka kwenye disque ya inje. Siku ya broderi, ya kudarizi, munaamusha ordinateur kupitia disque. Siku watoto wanafanya devoir ya masomo, munaamusha kama kawaida. Kila mutu na nyumba yake, hakuna fujo."

Hivyo ndivyo Malika alivyojifunza kwamba kompyuta inapowashwa, kitu cha kwanza kuamka ni mfumo endeshi, na kwamba mfumo huo ndio unaoziongoza programu nyingine zote. Unaweza kukaa ndani ya kompyuta au hata kwenye diski iliyo nje, mradi kompyuta iambiwe iutafute huko. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Akaanza kujiona amekaa kitini, Tonton akimwelekeza, mama akimtazama.

Kesho yake Tonton Lambert alirudi, mfumo wa zamani akiwa nao kwenye fleshi. Alikuta pia kwamba waya wa mashine ya kudarizi umetafunwa na panya. "Mimi nitapanga huyu waya," akasema. "Lakini kuweka système si kazi ya haraka. Nataka mutoto mwenye atasoma kila kitu kwenye écran, kwenye kioo ya kompyuta, mustari kwa mustari, bila kubonyeza mbio mbio. Tutatumia disque gani?"

"Ile ya samaki," akasema Mama Kadidja. "Iko na filamu za Moussa tu. Zifutwe, alisema hazitaki tena." Kisha akawatazama wasichana wawili. Malika alikuwa tayari amekwisha vuta kiti. Mama akasita kidogo, akasema, "Jemima, wewe ndiye utakaa pale. Malika, umusaidie Tonton kushika waya."

Malika aliachia kiti. Moyo ulimchoma kama aliyemeza pilipili nzima. Kushika waya! Yeye, mtoto wa nyumba, ashike waya, na mgeni wa juzi akalie kiti chake! Uso wake ulisema yote, lakini mama, aliyekuwa na haraka ya kazi, hakuutazama.

Kabla ya kuanza, walikula. Kulikuwa na lituma, yaani ndizi za kupondwa, pondu ya majani ya muhogo, na samaki wa kuchoma. Mama Kadidja alimpa Jemima kipande kilichonona kwa sababu mgeni hupewa kilichonona, na Malika alijua hivyo tangu alipokuwa akinyonya. Lakini siku hiyo aliona kwamba kipande kile kilikuwa chake, kimehamishwa sahani mbele ya macho yake. Kila Jemima alipotafuna, Malika alihisi anatafunwa yeye. Akasukuma sahani, akasema ameshiba.

Baada ya chakula Tonton alikwenda kwake kuchukua bisibisi, na Jemima akafuatana naye ili kumsaidia kubeba. Mama Kadidja aliingia chumba cha ndani kusali adhuhuri. "Kuya tusali, Malika," akaita.

"Nakuja, Mama."

Hakwenda. Alibaki peke yake karakanani, mbele ya kabati lililo wazi. Mfuko wa samaki na mfuko wa ua ililala pamoja kwenye rafu. Wazo likamjia, na wivu haujawahi kukosa mawazo. Itakuwaje Jemima akichomeka diski isiyokuwa yenyewe? Malika aliwaza kwamba kompyuta itakataa. Itasema diski imejaa michoro, haina nafasi. Jemima atahangaika, atasoma mistari yake yote hadi nukta ya mwisho, na bado haitakubali. Hapo yeye Malika atasogea polepole, atasema, "Hebu nijaribu," atatoa diski ya kweli, na kila mtu atakumbuka mtu wa kompyuta katika nyumba hii ni nani.

Akatoa diski zote mbili mifukoni. Akaingiza ya michoro kwenye mfuko wa samaki, na ya filamu kwenye mfuko wa ua. Akazirudisha rafuni kama zilivyokuwa. Kutoka chumba cha ndani alisikia mama yake akimaliza sala kwa kutoa salamu, kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza sauti hiyo ilimtia aibu.

Watu wakarudi. Tonton Lambert alilala chali chini ya mashine, tumbo likiwa juu, Malika akamshikia waya. Jemima alitoa diski kwenye mfuko wa samaki, akaichomeka, akaketi. Mama Kadidja alikaa kando akipanga blauzi za Mama Agathe. Jenereta ya jirani iliunguruma uani.

"Tonton, disque imeonekana," akasema Jemima. "Lakini iko karibu kujaa."

"Ni filamu za Moussa hizo," akajibu Tonton kutoka chini. "Endelea. Système inataka nyumba safi. Kabla ya kuiweka, lazima kufuta kila kitu. Utaona mahali pameandikwa *effacer*."

Waya ulimponyoka Malika mkononi.

Kufuta kila kitu? Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile huanza kwa kufuta. Kumbe mama aliposema filamu zifutwe, ndicho alichomaanisha, na yeye alikuwa anasikiliza wivu wake badala ya kusikiliza watu! Alitamani kusema. Akisema, wataujua uovu wake. Asiposema, majani ya Babu Sefu, maua yake, nyota zake, vyote vitakwenda na havitarudi.

"Nimeona," akasema Jemima. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. "*Toutes les données de ce disque seront effacées.* Inasema data zote za disque hii zitafutwa, na haiwezekane kurudisha. Nibonyeze, Tonton?"

"Bonyeza, mutoto wangu."

"Usibonyeze!" Malika alipiga kelele hata Tonton akagonga kichwa kwenye mguu wa mashine. "Jemima, toa mukono! Toa mukono!"

Jemima aliutoa mkono kama aliyeguswa na moto. Tonton Lambert alijikokota kutoka chini, akija huku akisugua paji la uso. "Kuna nini?"

"Angalia kwanza iko na nini ndani," akasema Malika. "Tafadhali, Tonton. Angalia."

Tonton akaghairi kufuta, akaifungua diski. Hakukuwa na filamu hata moja. Kulikuwa na majani, maua, nyota, kofia za mviringo, na folda moja yenye jina la Sefu. Mama Kadidja alisimama, blauzi zikaanguka miguuni pake. Alishika kifua kwa mikono miwili.

"Ya Allah! Michoro ya papa wangu!"

Kisha Mama Kadidja akamgeukia Jemima, na hofu yake ikageuka kuwa hasira. "Jemima! Nilikuambia disque ya samaki! Unajua ulitaka kufanya nini? Papa wangu alikufa, na hiyo njo kazi yake yote imebakia!"

"Mama, niliitoa mufuko ya samaki," akasema Jemima kwa sauti ndogo.

"Mufuko ya samaki haiwezi kuwa na maua! Juzi ulizitoa zote mbili kupanguza vumbi, ukazichanganya. Sasa toka kwenye ordinateur, usiiguse tena." Halafu akamvuta Malika kifuani, akambana. "Mutoto wangu! Damu ni damu. Bila wewe tungelia leo. Kaa kwenye kiti yako."

Tazameni mambo ya dunia. Kila kitu alichokitamani Malika kilikuwa kimetimia. Kiti kilikuwa wazi, mama alikuwa amemkumbatia, Tonton alikuwa akitikisa kichwa kwa kumsifu, na Jemima alikuwa amesimama kando kama mwizi aliyekamatwa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nani angejua? Mifuko haisemi.

Jemima akafuta machozi kwa kiganja. "Unisamehe, Mama Kadidja," akasema. "Pengine kweli nilichanganya siku ile ya vumbi. Sikumbuke vizuri. Unisamehe sana."

Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Malika. Kama Jemima angebisha, kama angepiga kelele, labda wivu ungepata nguvu tena. Lakini aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyelitenda amekumbatiwa hapo hapo mbele yake. Malika alijitoa kifuani mwa mama yake.

"Si yeye," akasema.

"Unasema nini?"

"Si Jemima, Mama. Ni mimi. Nilibadilisha mifuko wakati ulikuwa unasali. Nilitaka ashindwe. Sikujua kama itafuta, wallahi sikujua, lakini nilitaka ashindwe." Akaanza kulia kwa kwikwi. "Kila siku ni Jemima, Jemima. Ukampa kiti yangu. Nilisikia wivu."

Mama Kadidja alikaa chini polepole. Mama aliitazama diski iliyochomekwa, akamtazama Jemima, na uso wake ukajaa haya.

"Jemima, mutoto wangu, nilikuonea," akasema. "Nilikuchomea maneno bila kuuliza. Mimi mukubwa nakuomba msamaha."

Jemima alichukua mkoba wake, akatoka uani. Mama akamtazama Malika, akaonyesha mlango kwa kidevu. Malika alielewa. Kosa lake hakuna ambaye angelibeba kwa niaba yake.

Alimkuta Jemima amesimama kando ya ukuta, akitafuta toleka kwa macho.

"Usiende," akasema Malika.

"Kwa nini unanichukia?" Jemima akauliza bila kugeuka. "Mimi sikuomba kiti yako. Pale masomoni wananiita mugeni. Mugeni kuya, mugeni kaa. Hapa kwenu tu njo mahali wananiita jina yangu. Kila asubuhi naamuka nikifurahi kuya. Sasa hata hapa."

Muda wote huo Malika alikuwa amemwona Jemima kama mtu aliyekuja kuchukua. Hakufikiri hata siku moja kwamba huenda alikuwa na upungufu wake mwenyewe. Akaona haya kuliko alivyoona mbele ya mama.

"Sikuchukii," akasema mwishowe. "Unajua kushinda mimi, na iliniuma. Ni vile tu. Nisamehe. Kama hutaki kunisamehe leo, rudi tu, tumalizie kazi ya Mama. Kunisamehe utafanya kesho."

Jemima akageuka, akamtazama. "Utanisamehe kwanza wewe kwa kujua," akasema, na ingawa macho yalikuwa bado na machozi, mdomo ulikuwa karibu kucheka. Wakarudi ndani.

Tonton Lambert naye alikuwa amejipatia somo lake. "Mimi pia niko na kosa," akakiri. "Fundi muzima naambiwa disque iko karibu kujaa, nasema bonyeza, nimelala kama mamba. Mutu ya kazi hii haamini mufuko. Anaamini jina yenye iko kwenye écran. Na kabla ya kufuta, unafanya kopi. Kwanza kopi, ndipo mengine."

Wakafanya hivyo. Michoro yote ya Babu Sefu ilinakiliwa ndani ya kompyuta mpya, na Jemima akafungua mmoja mmoja kuhakikisha umefika mzima. Diski ya michoro ikatolewa, ikachomekwa ya filamu. Jemima alisoma jina lake kwa sauti, Malika akalisoma pia, Tonton akalisoma mara ya mwisho. Ndipo filamu za Moussa zikafutwa, na mfumo wa zamani ukaanza kuingia, taratibu, kwa mstari mwembamba uliojaa kama kopo chini ya bomba bovu. Malika alishika waya muda wote bila kunung'unika.

Mstari ulipojaa, Tonton aliwaonyesha jinsi ya kuwasha kompyuta huku kitufe kimoja kimebanwa. Picha za diski mbili zikatokea kwenye kioo: ile ya ndani na ile ya nje. Jemima alichagua ya nje. Kompyuta mpya ikaamka na sura ya zamani, ile Malika aliyoizoea, na programu ya kudarizi, iliyoingizwa upya humo, ikafunguka bila kuleta dirisha la ubishi. Mashine ikaguna. Sindano ikashuka, na jani la kwanza la Babu Sefu likaanza kuota kwenye kola ya blauzi.

Mama Kadidja alimpa Malika adhabu yake siku hiyo hiyo. Mpaka sikukuu ipite, hatagusa kompyuta. Kazi yake itakuwa kukata nyuzi zinazoning'inia nyuma ya kila mchoro, kazi ya kuchosha macho ambayo hakuna mteja anayeiona. Malika alikubali, akaifanya vizuri.

Jumamosi Mama Agathe alikuja kuchukua blauzi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Aliyagusa majani, akapiga vigelegele, kisha akamshika Malika shavu. "Kadidja, huyu binti yako iko na kichwa! Nasikia ordinateur ilikataa, yeye ndiye alitengeneza kila kitu!"

Mama Kadidja alimtazama tu binti yake. Wivu ulimgusa Malika tena, kidogo, pale pale ulipozoea kumgusa. Akaumeza.

"Si mimi, Mama Agathe," akasema. "Ni Jemima. Mimi nilitaka kuharibu."

Mama Agathe alipokwisha kwenda na furushi lake, huku akimsifu Jemima hadi barabarani, Mama Kadidja aliwaita wasichana wote wawili karibu naye.

"Malika, kusikia wivu kunamupata kila mutu," akasema. "Hata mimi nikiona fundi mwingine amedarizi vizuri kunipita, moyo unanigonga. Ungekuja kuniambia, 'Mama, inaniuma,' ningekusikiliza, kwa sababu nami nilikosea kukupita bila kukuangalia. Lakini ukanyamaza, ukamtegea mwenzako mtego. Wazee wetu walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ulifikiri ndani ya mtego ule yuko Jemima. Alikuwa babu yako."

Machozi yalimlengalenga Malika, lakini hakuyaficha.

"Na jua pia hili," mama akaendelea kwa sauti ya upole. "Siku ile ulipiga kelele ukaokoa michoro. Hiyo ilikuwa vizuri. Lakini uliposema 'si yeye', na hakuna mutu angejua, pale ndipo nilijua nimezaa mutoto mwenye anaweza kuniambia kweli. Kwa hiyo nitakuachia kazi zangu tena. Jemima akijua kitu, si wewe unapoteza. Ni karakana inapata."

Sikukuu ikapita, adhabu ikaisha. Asubuhi ya Jumatatu Malika alifagia, akatia mafuta mashine, akakiona kiti kiko wazi. Hakukikalia. Alingoja hadi toleka ilipofika mlangoni na Jemima akashuka, akamvutia kiti, na yeye mwenyewe akavuta kigoda kando yake.

"Jemima," akasema, "nionyeshe tena, tangu mwanzo. Polepole, hadi nukta ya mwisho."